Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu miradi ya kompyuta nyumbani na kiu ya kujua kila kitu

Mengi ya maswali haya nimeulizwa na watu waliosimama kando ya meza yangu wakitazama waya. Mengine niliyauliza mimi kwa walionitangulia, na walichonijibu kimo humu. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali la kusoma.

## Kuanza

1. Hii ni kazi au ni burudani?

Kwa wengi wetu ni burudani ya baada ya kazi. Lakini ni burudani iliyozaa makubwa. Machi 1975 watu wachache walikutana katika gereji moja huko Menlo Park, California, kuiangalia Altair 8800, kompyuta ambayo mnunuzi aliweza kujiundia mwenyewe kwa vipande. Steve Wozniak, aliyekuja kuanzisha kampuni ya Apple na wenzake, alikuwemo, na mwaka uliofuata kompyuta yake, Apple I, ikatoka. Agosti 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kwa kujifurahisha tu. Kazi hiyo ndiyo Linux, na leo imo ndani ya kila simu ya Android.

2. Lazima niwe nimesomea kompyuta, au niwe hodari wa hesabu?

Hapana. Mwanzoni utahitaji kujumlisha, kugawanya, na kuzoea kuhesabu kwa 0 na 1. Kubwa zaidi ni kustahimili siku mbili tatu za kutoelewa bila kuitupa kazi. Hilo hujengeka kwa mazoezi, kama pumzi ya mkimbiaji.

3. Nianze na kompyuta gani?

Anza na ile iliyolala kabatini. Laptopu ya miaka kumi iliyopita yenye RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 inatosha kabisa kuwa seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayokaa imewaka ikivihudumia vifaa vingine. Ukitoa diski yake ya kuzunguka ukaweka SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka, utadhani ni mashine nyingine. Iwekee Linux, toleo la Debian kwa mfano, kisha ivunje na uijenge upya mara tatu nne bila woga. Kabla ya yote, toa picha na nyaraka zilizomo (soma swali la 15).

Kama saa na tarehe zinapotea kila ukichomoa umeme, usidhani mashine imekufa. Ndani mna betri ya duara, mara nyingi CR2032 ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuilisha saa mashine ikiwa imezimwa. Badilisha hiyo tu.

4. Raspberry Pi, Arduino na ESP32 zinatofautianaje?

Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012, ni kompyuta kamili yenye mfumo endeshi, faili na mtandao. Ina pini 40 za kuunganisha taa, sensa za kupimia na mota, na pini zake za ishara ni za volti 3.3. Ukizipa volti 5 unaweza kuiua bodi papo hapo.

Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Haina mfumo endeshi: unaipa programu moja, nayo inairudia mpaka umeme ukatike. Arduino Uno R3 ina kumbukumbu ya kazi ya KB 2, ambazo hazitoshi kubeba hata majibu manne ya kwanza ya ukurasa huu. Hata hivyo inaendesha mota na kusoma sensa bila kuchelewa, kwa sababu hakuna kinachoiingilia katikati ya kazi.

ESP32 ni ya jamii hiyohiyo ya Arduino ila ina waifai na bluetooth ndani, na ikiwekwa usingizini hutumia umeme kidogo mno. Hiyo ndiyo ninayoichukua kwa kitu kinachokaa mbali na soketi kikiishi kwa betri. Kuna pia Raspberry Pi Pico, ambayo jina lake huwachanganya wengi. Si kompyuta kamili. Toleo lake la kwanza lina kumbukumbu ya KB 264, na hufanya kazi kama Arduino.

5. Nijifunze lugha gani ya programu?

Mchagua jembe si mkulima. Ukiwa na Raspberry Pi anza na Python, ukiwa na Arduino utaandika C++ utake usitake. Lugha ya pili huja kwa wiki chache ukiwa umeijua ya kwanza vizuri.

## Kiu ya kujua kila kitu

6. Nataka kujua kila kitu: programu, umeme, mitandao, redio. Niugawe vipi muda wangu?

Usiugawe. Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote, na ni kweli kwa anayeyaendea yote kwa wakati mmoja. Lakini nimegundua kwamba ukishika kitu kimoja kidogo ukakifuata mpaka mwisho wake, hayo mengine yanakuja yenyewe. Nitaeleza kilichonitokea.

Niliweka kipimajoto kwenye Raspberry Pi kiandike joto la chumba kila dakika kumi. Usiku mmoja umeme ulikatika. Asubuhi nikakuta vipimo vya saa kumi alfajiri vimeandikwa kuwa ni vya saa nne za usiku uliopita. Nikajiuliza: mashine hii inajuaje saa?

Jibu ni kwamba haijui. Matoleo ya kabla ya Raspberry Pi 5 hayana saa inayoendelea kutembea umeme ukikatika. Yakiwaka huanzia saa ya mwisho yaliyoihifadhi, kisha huuliza saa sahihi kwenye intaneti. Ruta yangu ilichelewa kurudi, basi hapakuwa na wa kuulizwa. Hapo nikaisoma NTP, utaratibu wa kompyuta kuulizana saa uliobuniwa na David Mills na kuchapishwa mwaka 1985, na jinsi unavyokadiria muda ambao ujumbe umekaa njiani kwenda na kurudi.

Nikanunua kisaa kidogo cha betri cha kuunganisha kwenye pini. Ndani yake mna kipande cha kwazi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Kwa nini namba hiyo? Kwa sababu ndiyo unayoipata ukizidisha 2 kumi na tano pamoja. Pitisha mtetemo huo kwenye saketi 15, kila moja ikiupunguza kwa nusu, na mwishoni unapata pigo moja kwa sekunde. Na kwa nini kwazi itetemeke kwa umeme? Hapo nikafika kwa ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, walioonyesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: zikipewa umeme hutikisika.

Nikarudi kwenye programu yangu. Linux huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Mashine zilizoitunza hesabu hiyo katika biti 32 (tarakimu 32 za 0 na 1) zitafika mwisho wa namba, 2,147,483,647, tarehe 19 Januari 2038 saa 03:14:07 kwa saa ya kimataifa, UTC, kisha zitarudi nyuma hadi Desemba 1901. Kipimajoto kimoja, usiku mmoja bila umeme, na nikawa nimegusa mitandao, fizikia, hesabu na historia. Sikupanga ratiba ya kuyasoma hayo. Nilikataa tu kuacha swali njiani.

7. Naanza miradi kumi, simalizi hata mmoja. Nifanyeje?

Andika, kabla hujashika waya, sentensi moja inayosema mradi utakuwa umeisha lini. "Taa ya ukumbini iwake mtu akipita usiku." Ikishawaka, umemaliza, hata kama boksi lake bado ni la karatasi. Mawazo mengine yatakayokujia njiani yaandike kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari (swali la 20). Usiyatupe, wala usiyafuate siku hiyo.

Mradi ulioachwa baada ya kukufundisha ulichokitafuta siuhesabu kuwa umeshindwa. Uvunje, rudisha vipande sandukuni, endelea.

8. Ninaweza kuielewa kompyuta mpaka chini kabisa?

Ndiyo, na nakuhimiza ujaribu walau mara moja. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kilichounda kompyuta ni kidogo kuliko unavyofikiri. Mwaka 1937 Claude Shannon, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, alionyesha katika tasnifu yake kwamba swichi zinaweza kufanya mantiki yote ya kweli na si kweli. Ukipata aina moja tu ya lango la umeme (saketi ndogo inayopokea 0 na 1 na kutoa jibu), iitwayo NAND, unaweza kuyajenga mengine yote. NAND hutoa 0 pale tu milango yake yote miwili ya kuingilia ikiwa 1. Vinginevyo hutoa 1.

Chipu iitwayo 74HC00 ina malango manne ya namna hiyo na miguu 14. Chukua mbili, bredibodi (ubao wa matundu wa kuungia waya bila kulehemu), swichi mbili na taa mbili za LED. Malango manne ya chipu ya kwanza, yakiungwa vizuri, huwasha taa pale swichi moja tu imewashwa. Hiyo ni taa ya jumla. Sasa chukua tokeo la lango la kwanza, ligeuze kwa lango moja la chipu ya pili, na hiyo ndiyo taa ya kubeba. Washa swichi zote mbili. Taa ya jumla inazimika, ya kubeba inawaka: 1 na 0, ambayo kwa hesabu ya kompyuta ni mbili. Waya zako zimejumlisha moja na moja. Mimi nilikaa nikiziwasha na kuzizima swichi zile kwa muda mrefu sana, na tangu siku hiyo neno "kichakataji" halinitishi.

9. Akili bandia inaweza kunijibu kila kitu. Kuna haja gani ya kujifunza?

Itumie, mimi naitumia, hasa kunifafanulia ujumbe wa hitilafu. Ila inaweza kukuambia kwa uhakika mkubwa uunge pini isiyo sahihi, nayo haiwezi kunusa chipu inayoungua. Kila inapokupa namba, ihakikishe kwenye karatasi ya maelezo ya kifaa chenyewe, au uipime.

## Umeme na vifaa

10. Ni vifaa gani vya lazima?

Multimita, kipimo cha volti na mkondo, kwanza, hata iwe rahisi kiasi gani. Kisha bisibisi ndogo, bredibodi, waya za kuchomeka, na kisanduku cha rezista mchanganyiko, vipande vinavyopunguza mkondo wa umeme. Pasi ya kulehemia inaweza kusubiri mpaka mradi wa kwanza ustahili kudumu. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi na ni rahisi kwa anayeanza, lakini fungua dirisha na unawe mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu.

11. Kwa nini taa yangu ya LED imeungua mara moja tu nilipoiunga?

Hukuweka rezista. LED haijizuii. Ikipewa nafasi itameza umeme mpaka ife. Taa nyekundu hutumia karibu volti 2. Ukiilisha kwa volti 5 zinabaki volti 3 za kuzuiwa. Ukitaka ipite mkondo wa ampea 0.015, gawanya 3 kwa 0.015 upate ohm 200, na rezista ya karibu inayouzwa ni ya ohm 220. Rezista hiyohiyo inafaa pia kwenye pini za volti 3.3 za Raspberry Pi, ila mwanga utapungua kidogo.

12. Raspberry Pi yangu inajizima au kuganda bila sababu. Programu gani ina kosa?

Kabla ya kuilaumu programu, angalia umeme. Nilipoteza wiki mbili nikiandika upya programu iliyokuwa haina kosa lolote. Chaja ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kebo: ndefu na nyembamba, ikila volti njiani. Bodi nyingi za Raspberry Pi hutoa onyo volti zikishuka chini ya 4.63 hivi, na alama ya radi hutokea pembeni mwa skrini. Lakini seva yangu haikuwa na skrini, basi nani angeiona?

Andika amri `vcgencmd get_throttled`. Ikijibu `0x0`, umeme ni mzuri. Ikijibu `0x50000`, maana yake ni kwamba tangu iwashwe imewahi kukosa volti za kutosha na kupunguza kasi, hata kama sasa hivi imetulia. Badilisha kebo kwanza, kisha chaja.

13. Ikiwaka usiku na mchana itakula umeme kiasi gani?

Zidisha wati kwa saa 24, kwa siku 30, kisha gawanya kwa 1,000. Bodi ndogo ya wati 5 hula uniti 3.6 kwa mwezi. Kompyuta ya mezani inayovuta wati 60 ikiwa haifanyi lolote hula uniti 43.2. Ndiyo maana naipenda bodi ndogo au laptopu kuukuu kwa kazi ya kutwa.

14. Kuna hatari ya kweli, au ni kutishana tu?

Kwenye volti 5 utaharibu vifaa, si mwili. Hatari ipo sehemu tatu. Usifungue sanduku la umeme la kompyuta ya mezani: kapasita zake hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa. Usiguse waya za umeme wa ukutani bila fundi anayejua. Na betri ya laptopu au simu iliyovimba usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Itoe taratibu kama inatoka, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha uipeleke kwa wanaopokea taka za umeme.

## Seva ya nyumbani

15. Nina diski mbili zinazoigana. Bado nahitaji nakala rudufu?

Ndiyo, bado. Diski zinazoigana hukulinda diski moja ikifa. Hazikulindi na mkono wako mwenyewe. Nilifuta folda ya picha za familia kwa amri moja iliyokuwa na nafasi tupu kati ya herufi mahali pasipostahili, na diski ya pili ikatii papo hapo, kama ilivyofundishwa. Picha za miaka miwili zilizokuwa hapo tu hazikurudi.

Tangu hapo nafuata kanuni ya 3, 2, 1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Na mara moja kwa mwezi nachagua faili yoyote na kuirudisha kutoka kwenye nakala. Nakala ambayo hujawahi kujaribu kuirudisha bado huijui kama ipo.

16. Nimeweka kizuia matangazo kwenye Raspberry Pi. Mbona matangazo ya YouTube bado yapo?

Programu kama Pi-hole hufanya kazi kwenye DNS, yaani pale kifaa kinapouliza jina fulani lina anwani gani. Jina la mtangazaji likiulizwa, inakataa kulijibu. YouTube hutoa matangazo na video zake kutoka kwenye majina yaleyale, kwa hiyo ukizuia moja umezuia yote. Huo ni mpaka wa njia yenyewe, hukukosea kitu.

17. Kadi ya kumbukumbu imekufa baada ya miezi michache. Kwa nini?

Kadi huchakaa kwa kuandikwa, na mfumo huandika taarifa zake bila kupumzika. Huumia zaidi umeme ukikatwa katikati ya kuandika. Zima kwa amri `sudo poweroff`, na kama seva ni ya kudumu, hamishia mfumo kwenye SSD. Kama umeme wako una shaka, swali la 12 linakuhusu pia.

18. Nataka kuifikia seva yangu nikiwa mbali. Nifungue mlango kwenye ruta?

Usifungue mlango wa SSH (njia ya kuiamuru kompyuta ukiwa mbali), namba 22, ukiwa unalindwa na nenosiri tu. Fungua kumbukumbu za mfumo baada ya siku moja utaona anwani zisizojulikana zikijaribu majina kama admin na root, moja baada ya jingine. Ni mashine zinazoupekua mtandao mzima. Tumia WireGuard, njia ya siri inayofunguliwa kwa funguo, ambayo imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Asiye na ufunguo hajibiwi kitu, kana kwamba hapana nyumba.

Ukifuata hatua zote na bado haifiki, tazama anwani ambayo ruta imepewa upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya anwani moja mnayoshirikiana na wateja wengine wa mtoa huduma wako, na hakuna utakalofungua kwako litakalosaidia. Tumia IPv6, aina mpya ya anwani isiyohitaji kushirikiana, kama unayo, au kodi seva ndogo nje, nayo ya nyumbani ndiyo iipigie.

## Mambo ya pembeni

19. Nimepewa kompyuta kuukuu na ndani nimekuta picha na barua za mtu. Nifanye nini?

Usizisome. Kama unamjua mwenyewe, muulize kama anazitaka, umhamishie, kisha futa. Kufuta faili pekee hakutoshi, kwa sababu data hubaki mpaka iandikwe juu. Kwa diski ya kuzunguka, amri `shred` juu ya diski nzima inatosha. Kwa SSD njia hiyo si ya kutegemea, maana chombo chenyewe huhamisha maandishi kwingine bila kukuambia. Tumia amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya SSD. Hakikisha mara mbili jina la diski kabla ya kubonyeza Enter.

20. Kipimajoto changu kinafanya kazi vizuri, ila mara moja moja kinaandika nyuzi 85. Chumba hakiungui. Ni nini?

Kama ni sensa ya DS18B20, namba 85 ndiyo inayokuwa nayo kila inapowaka, kabla haijapima chochote. Kupima kwa usahihi wake wa juu kabisa huchukua hadi milisekunde 750. Ukiisoma mapema, au ikipoteza umeme katikati ya kupima ikawaka upya, utapewa 85. Angalia pia kama umeweka rezista ya ohm 4,700 kati ya waya wa data na wa umeme.

Yangu ilikuwa na rezista, na programu ilisubiri sekunde nzima. Bado 85 ilikuja. Nikafanya kama wale wa Harvard mwaka 1947, waliokuta mdudu nondo ndani ya kompyuta ya Mark II wakamgandisha kwa utepe kwenye daftari la kazi, na saa yake wakaandika. Kila 85 niliiandika: siku, saa, nani yuko nyumbani. Baada ya siku tisa nilisoma ukurasa ule kuanzia juu. Saa moja kasoro asubuhi, saa moja kasoro asubuhi, saa kumi na moja jioni, saa moja kasoro. Ni saa ambazo watu hutoka na kurudi. Nikaenda mlangoni, nikaufunga kwa nguvu, nikarudi kwenye skrini: 85. Waya mwekundu, wa umeme, ulikuwa umelegea kwenye tundu lake la bredibodi, na kila mlango ulipobamizwa ulitikisika kiasi cha unywele. Niliulehemu jioni hiyohiyo.